Gloriosa

Gloriosa (jina la kisayansi: Gloriosa superba) ni mmea unaopanda wa familia ya Colchicaceae. Maua yake ni makubwa, mekundu na ya njano, na petali zake hujikunja kuelekea nyuma mfano wa ndimi za moto. Mmea huu hukua porini katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki na ya kusini, Madagaska, Uhindi, Sri Lanka na Asia ya Kusini-Mashariki. Nchini Tanzania huonekana kwenye vichaka, kando ya njia na kwenye kingo za misitu, ikiwa ni pamoja na nyanda za wilaya za Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga.

Sehemu zote za gloriosa zina sumu kali iitwayo kolchisini. Sumu hiyo ipo kwa wingi kwenye kiazi na kwenye mbegu. Kwa kuwa kiazi chake hufanana na viazi vikuu na viazi vingine vya porini, watu wamekichimba na kukila kwa kudhani ni chakula, na baadhi yao wamekufa. Kwa sababu hiyo kuutambua mmea huu ni jambo la lazima kwa wakazi wa vijijini, hasa watoto na watu wanaotafuta viazi vya porini wakati wa njaa.

Jina na uainishaji

Mmea huu ulipewa jina lake la kisayansi na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753. Neno la Kilatini gloriosa lina maana ya "yenye utukufu", na superba ni "yenye fahari". Majina ya kienyeji hutofautiana kutoka lugha hadi lugha, na mara nyingine jina moja hutumika kwa mimea miwili tofauti. Jina la kisayansi huondoa utata huo, hasa pale mganga au daktari anapotaka kujua kwa hakika mgonjwa amekula nini.

Zamani wataalamu waliiweka gloriosa katika familia ya mayungiyungi (Liliaceae). Leo imewekwa katika familia ya Colchicaceae, oda ya Liliales. Aina nyingi zilizowahi kupewa majina ya pekee, kama vile Gloriosa rothschildiana yenye asili ya Uganda na Gloriosa simplex, sasa huhesabiwa kwa kawaida kuwa ni sura mbalimbali za spishi moja. Ndiyo maana msomaji akiona ua la njano tupu huku jingine likiwa jekundu lenye ukingo wa njano, yote mawili yanaweza kuwa Gloriosa superba.

Maelezo

Gloriosa huishi miaka mingi, lakini shina na majani yake hufa kila mwaka. Kinachobaki ni kiazi kilicho chini ya ardhi. Mvua zikinyesha, kiazi hutoa shina jembamba la kijani linaloweza kufikia urefu wa mita 3 au 4 likipata cha kushikilia. Likikosa, hulala chini au husimama likiwa fupi.

Majani hayana kikonyo. Hushikana na shina moja kwa moja. Ni marefu na membamba, yana umbo la mkuki, na mishipa yake hukimbia sambamba kuelekea nchani. Alama kubwa kuliko zote ipo kwenye ncha ya jani: hurefuka na kujikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hushika kijiti, waya au jani la mmea mwingine. Mimea mingi inayopanda hushika kwa shina lake au kwa vikono vinavyotoka kwenye shina. Inayoshika kwa ncha za majani ni michache sana.

Maua hutoka moja moja kwenye makwapa ya majani ya juu, yakiwa na vikonyo virefu. Kila ua huinama, na uso wake hutazama chini. Petali zake ni sita, kingo zake zina mawimbi, na zote hukunjwa nyuma na juu. Ua linapofunguka huwa la kijani-njano, kisha rangi ya chungwa huingia, na mwisho hugeuka jekundu. Kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuwa na maua ya rangi tatu kwa wakati mmoja. Stameni ni sita na hutanuka pembeni kama miali. Mtindo, yaani kijiti kinachobeba stigma, hupinda karibu pembe mraba na kuelekea upande mmoja. Hakuna ua jingine la kawaida katika mapori yetu lenye umbo hilo.

Umbo hilo lina kazi yake. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kuwa chavua hubebwa na mabawa ya vipepeo: kipepeo akining'inia chini ya ua ili anywe nekta, mabawa yake hugusa stameni, na akihamia ua jingine hugusa stigma iliyopinda pembeni.

Tunda ni kibumba chenye vyumba vitatu. Likikauka hupasuka na kuonyesha mbegu za mviringo zenye rangi nyekundu au ya chungwa. Mbegu hizo hung'aa na huwavutia watoto, nazo zina sumu.

Kiazi ni kirefu, kinene kama kidole gumba au zaidi kidogo, nacho kwa kawaida hupinda au hugawanyika pande mbili kama herufi V au L. Ngozi ya kiazi kipya ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, na ya kiazi cha zamani ni ya kahawia. Ndani ni cheupe na chenye wanga. Kila mkono wa kiazi una chipukizi moja tu, lililo kwenye ncha yake.

Uenezi na majira

Gloriosa hupenda jua na udongo usiotuamisha maji. Huonekana kutoka mchanga wa pwani hadi nyanda za juu, kwenye vichaka, mbuga zenye miti, mashamba yaliyoachwa, na kando ya reli na barabara. Huweza pia kukua katika udongo mbovu ambao mazao hayaupendi.

Katika Handeni na Korogwe kuna misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Korogwe iko chini katika bonde la Mto Pangani na ni ya joto zaidi. Handeni iko juu kidogo. Katika maeneo yote mawili gloriosa hufuata mvua. Wakati wa kiangazi mtu hupita juu ya kiazi bila kujua kuwa kipo. Mvua za kwanza zikinyesha, chipukizi hutokeza kama ncha ya mkuki, na baada ya wiki kadhaa maua huonekana juu ya vichaka. Mvua zikikatika, majani hugeuka manjano na mmea hurudi ardhini.

Tabia hiyo ndiyo chanzo cha hatari kubwa. Kwa kawaida viazi vya porini huchimbwa wakati wa kiangazi na wakati wa njaa, yaani pale ambapo gloriosa haina ua wala jani la kuitambulisha. Mchimbaji huona shina kavu na kiazi tu.

Udugu na krokasi za vuli

Katika Ulaya na Asia ya Magharibi kuna maua madogo yanayochanua kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati majani ya miti yanapopukutika. Miezi hiyo hukaribiana na vuli yetu. Maua hayo kwa jumla huitwa krokasi za vuli, lakini jina hilo hufunika makundi mawili ambayo hayana udugu wa karibu.

Kundi la kwanza ni krokasi za kweli, za jenasi ya Crocus katika familia ya Iridaceae. Mashuhuri kuliko zote ni mzafarani (Crocus sativus), ambao huchanua Oktoba na Novemba. Zafarani inayotiwa katika biriani, na ambayo hutumiwa pwani kutengenezea wino wa kombe, ni stigma tatu nyekundu za ua hilo zilizokaushwa. Ili kupata gramu moja ya zafarani huhitajika maua 150 hivi, nayo huchumwa kwa mkono. Ndiyo sababu bei yake ni kubwa.

Kundi la pili ni jenasi ya Colchicum. Spishi yake inayojulikana zaidi, Colchicum autumnale, huitwa krokasi ya vuli kwa sababu ua lake la zambarau hufanana na la krokasi. Hata hivyo ni ndugu wa gloriosa, si wa mzafarani. Ina kolchisini ileile, na jina la sumu hiyo limetokana na jina la mmea huu. Jina la mmea nalo limetokana na Kolkisi, nchi ya kale iliyokuwa kwenye pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, katika Georgia ya leo.

Njia rahisi ya kuyatenganisha makundi hayo ni kuhesabu stameni:

- Krokasi ya kweli, pamoja na mzafarani, ina stameni 3.
- Colchicum ina stameni 6.
- Gloriosa ina stameni 6.

Hesabu hiyo hutumika kuwatenganisha jamaa hao tu. Mimea mingine mingi ina stameni 6 bila kuwa na kolchisini, kwa mfano kitunguu.

Majani pia husaidia. Krokasi ya kweli ina majani membamba kama nyasi, yenye mstari mweupe katikati. Colchicum huchanua bila jani lolote. Majani yake mapana hutoka miezi mingi baadaye, katika majira ya kuchipua. Hapo ndipo Wazungu hukosea: huchuma majani hayo wakidhani ni ya kitunguu saumu cha porini, ambacho huliwa kama mboga, na kila baada ya muda watu hufa. Kwa hiyo kosa ni lilelile katika mabara mawili: huko ni jani, huku ni kiazi. Sumu ni moja, na chanzo ni kuchuma mmea wakati ambapo ua lake halionekani.

Mzafarani haufai kulimwa shambani katika Handeni na Korogwe. Unahitaji kiangazi kikavu chenye joto ili ua litengenezwe ndani ya kitunguu, kisha baridi ya nyuzi 15 hadi 17 za Selsiasi ili ua litoke, na baada ya hapo majira ya baridi yenye unyevu ili majani yalishe vitunguu vipya. Zaidi ya hayo mzafarani hauna mbegu, kwa kuwa una seti tatu za kromosomu na ni tasa. Huzalishwa kwa vitunguu tu. Mtu akiuziwa "mbegu za zafarani", basi ameuziwa kitu kingine.

Namna ya kuitambua gloriosa

Mmea ukiwa na majani, tazama ncha ya jani kwanza. Ikiwa imerefuka na kujikunja kama mkia, usile sehemu yoyote ya mmea huo. Mimea mingine inayoweza kuchanganywa nayo hutofautiana hivi:

- Viazi vikuu na viazi vya porini vya jenasi ya Dioscorea: hupanda kwa kuzungusha shina lenyewe kwenye mti. Majani yana vikonyo, na mengi yana umbo la moyo au yamegawanyika vipande vitatu. Maua ni madogo sana na hayavutii macho. Matunda makavu yana mabawa matatu.
- Viazi vitamu: shina hutambaa chini, jani lina kikonyo kirefu, na likikatwa hutoa utomvu mweupe. Ua lina umbo la tarumbeta.
- Jamii ya maboga na matango: zina vikono, lakini hutoka kwenye shina kando ya jani, si kwenye ncha ya jani. Majani ni mapana na yenye vinyweleo.
- Ua-mpira jekundu (Scadoxus multiflorus): nalo hutoka ardhini mvua zinapoanza, na maua yake hukusanyika kuwa mpira mmoja mwekundu. Halipandi, na chini lina kitunguu cha mviringo, si kiazi cha V. Hili pia lina sumu, ingawa ni ya aina nyingine.

Mmea ukiwa hauna majani, kiazi chenye umbo la V au L, chembamba na chenye chipukizi kwenye ncha, ni cha kuachwa. Lakini umbo pekee si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mkono mmoja unaweza kukatika wakati wa kuchimba na kipande kilichobaki kikaonekana kama kiazi cha kawaida. Kanuni iliyo salama ni moja: asiyeuona mmea ukiwa na majani asile kiazi chake. Wazee waliozoea kuchimba viazi vya porini hukumbuka shina walilolitazama wakati wa mvua, na baadhi yao huliwekea alama. Desturi hiyo inafaa kufundishwa kwa vijana.

Kuonja si njia ya kupima. Sumu haisubiri mtu ashibe, na dalili huchelewa saa kadhaa, hivyo mtu anaweza kuonja, akaona hakuna kitu, kisha akawapikia watoto.

Sumu

Kolchisini huzuia seli kugawanyika. Ndani ya seli kuna nyuzi ndogo ambazo huvuta kromosomu pande mbili seli inapojigawa. Kolchisini hushikamana na protini inayotengeneza nyuzi hizo, iitwayo tubulini, na nyuzi hushindwa kujijenga. Seli hukwama katikati ya kazi na mwisho hufa.

Kutokana na hilo mwanafunzi anaweza kukisia ni viungo gani vitakavyoumia kwanza: vile ambavyo seli zake hugawanyika haraka. Navyo ni utando wa tumbo na utumbo, uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na mizizi ya nywele. Dalili hufuata mpangilio huo karibu hatua kwa hatua:

- Saa 2 hadi 12 baada ya kula: mdomo na koo huwaka, tumbo husokota, mgonjwa hutapika na kuharisha sana, naye hupungukiwa maji.
- Siku ya 1 hadi ya 7: damu hupungua chembe zake, mgonjwa huweza kutokwa na damu au kupata maambukizi, figo, moyo na upumuaji huweza kushindwa. Vifo vingi hutokea katika kipindi hiki.
- Wiki ya 2 au ya 3, kwa aliyepona: nywele hunyonyoka, kisha huota tena.

Hatua ya kwanza hufanana na kipindupindu au na kula chakula kilichoharibika. Mara nyingine baada ya siku ya kwanza mgonjwa huonekana kupata nafuu, na ndugu humrudisha nyumbani, kumbe hatari kubwa bado iko mbele.

Kuchemsha, kuchoma au kukausha hakuiondoi sumu hii. Jambo hili ni la kusisitizwa, kwa sababu vipo viazi vya porini vyenye sumu ambavyo wenyeji huvikata vipande, huviloweka siku kadhaa, kisha huvipika na kuvila salama. Maarifa hayo ni ya kweli kwa viazi hivyo, lakini hayahusu gloriosa. Kuloweka kunaweza kutoa sehemu ya kolchisini na kuacha sehemu nyingine, na inayobaki hutosha kuua.

Mifugo nayo hudhurika ikila majani au viazi.

Msaada kwa aliyekula

Aliyekula gloriosa, au anayeshukiwa kuila, apelekwe hospitali mara moja hata kama hana dalili. Saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe dawa nyingine za mitishamba. Waliokula naye chungu kimoja wapelekwe pia.

Ndugu wachukue kiazi kilichobaki, jani, ua au hata maganda yaliyotupwa, na wamwambie mganga saa ambayo chakula kililiwa. Hospitali huweza kutoa mkaa maalumu wa dawa ili kuzuia sumu isiendelee kuingia mwilini, maji ya mishipani, na uangalizi wa damu, figo na moyo kwa siku kadhaa. Hakuna kiuasumu cha kolchisini kinachopatikana kwa kawaida hospitalini, kwa hiyo matibabu ni kuusaidia mwili mpaka sumu itoke.

Kolchisini katika tiba na sayansi

Sumu hiyohiyo, kwa kipimo kidogo kilichopimwa kiwandani, ni dawa. Colchicum ilitumika tangu zamani kutuliza maumivu ya jongo, ugonjwa wa viungo ambao mara nyingi huanza kwenye kidole gumba cha mguu. Mwaka 1820 wanakemia wa Ufaransa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou, waliitenga kemikali yake kutoka katika mmea. Watu hao wawili ndio waliotenga kwinini katika mwaka huohuo, dawa ambayo baadaye ilijulikana sana Afrika kwa kutibu malaria.

Leo kidonge cha kolchisini huwa na karibu nusu miligramu tu, na tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo. Kiasi cha kolchisini katika viazi hutofautiana kutoka mmea hadi mmea na kutoka msimu hadi msimu. Hivyo hakuna anayeweza kukadiria dozi salama kwa kukata kipande cha kiazi. Katika tiba za kienyeji za Afrika na Asia ya Kusini kiazi cha gloriosa kimetumika kwa maumivu ya viungo, majipu, kuumwa na nyoka na kuharakisha uzazi, na matumizi ya kunywa yamewahi kuleta vifo.

Mwaka 1937 wanasayansi nchini Marekani walionyesha kuwa kolchisini inaweza kuzidisha idadi ya kromosomu za mimea. Seli ikizuiwa kujigawa baada ya kromosomu kujinakili, hubaki na seti mara mbili. Mbinu hiyo ilitumika kupata tikitimaji lisilo na mbegu: mmea wenye seti nne huzalishwa na wenye seti mbili, na watoto wao huwa na seti tatu. Hao ni tasa, kama ulivyo mzafarani.

Kilimo

Gloriosa hulimwa kwa sababu mbili: maua ya kukata, na mbegu za kutengenezea dawa. Maua hukuzwa zaidi katika Uholanzi na Japani, ndani ya nyumba za vioo au plastiki. Mbegu hulimwa hasa katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa Uhindi, ambako wakulima huzikausha na kuziuzia viwanda vya dawa. Kwa kuwa mtindo wa ua umepinda mbali na stameni, wakulima huko huchavusha kila ua kwa mkono ili wapate mbegu nyingi.

Anayetaka kuukuza kama ua la bustani katika mazingira ya Handeni na Korogwe anaweza kufuata hatua hizi:

- Kiazi hupandwa kabla ya mvua, mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba kwa vuli, kikiwa bado kimelala.
- Kishikwe kwa uangalifu. Chipukizi kwenye ncha likivunjika, mkono huo hautaota. Kiazi cha V kinaweza kutenganishwa kuwa mimea miwili, mradi kila mkono una chipukizi lake.
- Kilazwe ubavu, kina cha sentimita 5 hadi 10, katika udongo wenye mchanga na mboji. Katika udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji huoza.
- Wekwa miti au waya wa kupandia tangu mwanzo, kwa kuwa shina likianguka huvunjika kwa urahisi.
- Mwagilia mpaka mbegu zikomae. Majani yakianza kukauka, acha kumwagilia na uache kiazi kilale.

Mbegu pia huota, lakini polepole, na mche huhitaji miaka miwili au zaidi kabla ya kuchanua.

Anayeshika viazi au mbegu avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Viazi vya kupanda visihifadhiwe jikoni, ghalani wala karibu na viazi vya chakula, na vifungashwe kwa alama inayosomeka. Mmea usipandwe kwenye ua wanamochezea watoto wadogo, wala mahali mbuzi wanapofungwa. Shamba lililowahi kuwa na gloriosa lisipandwe viazi vikuu au viazi vitamu kabla ya kuhakikisha kuwa viazi vyake vyote vimetolewa, kwa maana kipande chenye chipukizi kikibaki huota tena katikati ya zao.

Gloriosa kama alama

Gloriosa ni ua la taifa la Zimbabwe na ua la jimbo la Tamil Nadu. Mwaka 1947 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Malkia Elizabeth II, alipozuru Rhodesia ya Kusini alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo la ua hili.

Nchini Australia, ambako ulipelekwa kama ua la bustani, mmea huu umetoroka na kuenea kwenye vilima vya mchanga vya pwani, na sasa huhesabiwa kuwa gugu. Katika Afrika ya Mashariki ni mwenyeji wa asili. Hakuna haja ya kuung'oa kila unapoonekana porini; unapaswa kuondolewa karibu na nyumba, shule na mashamba ya viazi, na kuachwa vichakani kwa vipepeo wake.